Papa Aliyefanya Kazi Ndani ya Tele

Sogea karibu kidogo, wewe ambaye nyumbani kwenu televisheni ilikuwa na miguu minne, na mchana ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama mtoto aliyelala. Nazungumza na wewe hasa, maana walio wadogo kuliko sisi hawataelewa kwa nini mtu mzima anaweza kukaa na simu mkononi, chai ikipoa mbele yake, akitazama tangazo la biskuti ambazo haziuzwi tena popote.

Juzi rafiki yangu wa shule ya msingi alinitumia matangazo ya zamani ya mji wetu wa Lubumbashi. Mtu fulani aliyakuta kwenye kaseti, akayakusanya pamoja. Picha zinatetemeka, sauti inazama na kuibuka kama mtu anayeongea huku ananawa uso. Niliyatazama yote: magodoro, betri za redio, maziwa ya unga, yule mwanamke anayecheka peke yake mbele ya sufuria. Kisha nikarudi mwanzo nikitafuta moja tu, la sabuni, na sikuliona. Watu wengi wa rika letu walikuwa wameandika pale chini wakiuliza swali lilelile: la sabuni liko wapi? Mimi najua lilikokwenda. Siku lilipoondolewa nilikuwa pale, nimeshika suruali ya baba yangu. Acha nikueleze polepole, kwa sababu likielezwa haraka linakuwa jambo la sabuni tu.

Tulikaa mtaa wa Kamalondo, kwenye nyumba ya matofali yenye kibaraza kidogo ambapo Mama aliweka cherehani yake. Baba yangu, tuliyemwita Papa, alikuwa msimamizi katika kiwanda cha sabuni. Usinitake nikutajie jina la sabuni yenyewe. Mtaani kwetu tuliiita ya mistari, kwa sababu ilikuwa na mistari ya buluu iliyopita katikati yake, na mstari ulibaki kuonekana hata kipande kilipokuwa chembamba kama ukucha. Nguo zetu, nywele zetu, mashuka ya wageni, vyote vilinukia kitu kimoja. Nilidhani hiyo ndiyo harufu ya watu.

Kisha ukaja ule wakati unaoujua. King'ora cha kampuni ya mgodi, kilichokuwa kikiuambia mji mzima saa ya kuamka na saa ya kula, kilianza kusitasita, na baadaye kikanyamaza. Wanajeshi walivunja maduka, na kwa siku kadhaa watu walipita barabarani wamebeba viti vya ofisi na milango ya friji. Walimu wetu waliacha kuja. Majirani wa upande wa kushoto, Mama Berna na wanawe, waliambiwa hapa si kwao, ingawa Mama Berna alizaliwa mtaa uleule aliozaliwa Mama. Walikwenda kulala kwenye kituo cha treni pamoja na magodoro yao, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Kasai, walikotoka babu zao. Jioni ya kuondoka, Mama Berna alituletea televisheni yake, ameikumbatia kifuani. Akamwambia Mama, "Mutatutunzia. Tutarudia." Hawakurudi. Ndivyo televisheni ilivyoingia nyumbani kwetu.

Ilikuwa ya picha nyeusi na nyeupe, lakini mbele ya kioo chake Mama Berna alikuwa amebandika ile plastiki ya rangi, unaikumbuka: buluu juu, nyekundu katikati, kijani chini. Basi watu wote wa ndani ya televisheni walikuwa na nywele za buluu, tumbo jekundu na miguu ya majani. Mtu akisogea karibu na kioo, paji la uso wake lilikuwa mbingu na kidevu chake kilikuwa shamba. Sikuona ajabu yoyote. Niliona kwamba mule ndani ni nchi nyingine, na nchi nyingine ina watu wake.

Na katika nchi ile vitu vilikuwepo. Dukani hapakuwa na maziwa, lakini ndani ya tele yalimiminwa kila jioni. Magodoro tuliyaona yakipita vichwani mwa watu kwenda kituoni, na huku mule ndani kuna mtoto anaruka juu ya godoro jipya. Nilifikiri kwa akili yangu ya utoto, na sioni haya kuisema, maana ilikuwa akili nzuri kwa kadiri yake: nilifikiri vitu vimekimbia. Kama Mama Berna alivyokimbia na treni, maziwa na biskuti nazo zilitafuta mahali pa usalama, zikaingia mule.

Tangazo la sabuni lilikuja jioni, kabla ya habari kutoka Kinshasa. Gitaa lilianza taratibu. Mwanamke alitandaza shuka kwenye kamba, na upepo ukalijaza. Halafu tuliingizwa kiwandani: vipande vya sabuni vikiteremka kimoja nyuma ya kingine, na mwanamume aliyevaa kombinezoni, ovaroli ya kazi, akisukuma toroli lililojaa makatoni, mgongo wake ukitutazama. Sauti nene ilitaja jina la sabuni bila haraka, kama mzazi anayemwita mtoto aje kula.

Mgongo ule ulikuwa wa Papa.

Kiwanda kilikuwa kimefungwa wakati huo. Mlango mkubwa wa bati uliwekwa mnyororo, na mkurugenzi hakuonekana tena. Hakuna mfanyakazi aliyeambiwa kwamba kazi imekwisha, waliambiwa wangoje. Kwa hiyo walingoja, na wakati wa kungoja waligundua kwamba tangazo lao bado linapita. Papa ndiye aliyewaeleza wenzake maana yake, na maelezo yake yalikuwa na mantiki: hakuna mtu anayetangaza sabuni asiyokusudia kuitengeneza. Mahali fulani, mkurugenzi anaendelea kugharamia tangazo. Basi atafungua.

Tangu hapo kila jioni wanaume wa kiwanda walikuja kusimama dirishani kwetu. Hawakuingia, wala hawakungoja habari. Walikuja kama mtu anavyopita kumwangalia mgonjwa. Aliyechelewa aliuliza kutoka barabarani, "Inapita?" na aliyewahi akajibu, "Inapita," na wote wawili wakapumua. Akina mama wa nyumba za jirani, ambao zamani walibandika maji ya bukari, ugali wetu, king'ora kilipolia, sasa walibandika waliposikia lile gitaa. Nikilala leo na kufumba macho nasikia bado mlio wa vifuniko vya sufuria ukifuata muziki ule, nyumba hadi nyumba, na moshi wa mkaa ukipanda nyuma ya kuta.

Katika hao wa dirishani alikuwepo Papa Kasongo, fundi wa mitambo, mtu mwenye utani usiokwisha. Jioni moja nilimwuliza kwa nini Papa yuko hapa kitini na pia yuko mule. Hakucheka. Akaniinamia kwa uso wa daktari.

"Ule wa mule ndani iko natumika kazi," akasema. "Huyu wa hapa iko mu konje. Umuache apumuzike."

Konje ni likizo. Kila mtoto wa mfanyakazi alilijua neno hilo. Nililipokea kama nilivyopokea kwamba jua linazama upande wa reli. Papa wa kitini alikuwa anapumzika, na Papa wa ndani alikuwa kazini. Niliwaeleza watoto wenzangu, na aliyebisha nilimleta dirishani aone. Nilianza kumwomba Mama aweke kando bukari kidogo na sombe ya majani ya muhogo kwa ajili ya yule atakayechelewa kutoka kazini. Mama aligusa paji la uso wangu kuona kama nina homa. Kisha akaweka. Sijui alielewa nini, lakini kwa muda mrefu kulikuwa na sahani ndogo iliyofunikwa pale mezani, na asubuhi niliikuta tupu, na kuridhika.

Jambo lililoigawa nyumba yetu lilikuja na Mjomba Kalenga, kaka yake Mama. Yeye alikuwa ameshaacha mji, analima Kasungami, na alimpatia Papa eneo la shamba karibu na lake. Lakini chifu wa pale alitoa sharti: lifyekwe na kulimwa kabla ya mvua za kwanza, la sivyo atapewa mwingine, maana watu wanaotafuta ardhi ni wengi. Mjomba alikuja kwa baiskeli kueleza hayo mara ya kwanza, akaja tena, na kila alipokuja mawingu yalikuwa yameongezeka.

Papa alimsikiliza kwa heshima na kumpa sababu ileile. Siku watakapofungua kiwanda, watamtafuta msimamizi. Wakimkuta hayupo, watamweka mwingine. Na wale wanaume wa dirishani wanamwangalia yeye; akiondoka, watasema ameona jambo wasiloliona.

"Shemeki," Mjomba akamwambia mara ya mwisho, akiwa ameshika usukani wa baiskeli, "nikirudia tena, itakuwa kukuambia kama shamba iko na muntu mwingine."

Mama alingoja kaka yake apotee kwenye kona. Alikuwa anapunguza suruali ya mtu, pini mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Papa Ngoie," akasema, akimwita kwa jina langu kama siku zote, "mi sikatae kiwanda. Lakini piblisite ya tele haiko chakula. Uende kule kwa batu ba tele, ubaulize nani anailipa. Kama iko patron wa kiwanda, tungoje. Kama haiko yeye, twende."

Jioni gitaa lilipoanza, Papa aliwatazama waliojaa dirishani, mmoja mmoja. Asubuhi aliomba maji ya kuoga.

Sijui kwa nini alinichukua. Labda alitaka kushika mkono wa mtu. Alivaa shati lake la kanisani, na shingoni alinukia ya mistari. Mama alikuwa ameficha kipande. Tulivuka reli tukaingia mjini. Maduka mengi yalikuwa yamepigiliwa mabati, na kwenye dirisha moja sanamu ya kuvishia nguo ilisimama uchi ikitutazama. Nilikuwa na furaha kubwa. Ulikuwa mwendo wa kwenda kazini kwa Papa, nami nilijua nani tutamkuta. Nilijiuliza tu kama hao wawili watasalimiana.

Kwenye kituo cha televisheni tulipokewa na mwanamke wa makamo aliyevaa kitenge na koti la baridi juu yake. Aliitwa Mama Odile, na kazi yake ilikuwa kutunza kaseti na kuzirusha. Chumba chake kilinuka vumbi la moto. Alimpa Papa kiti, na mimi akanipa kaseti iliyovunjika nichezee. Papa alimweleza yote: kiwanda, mnyororo, wenzake wa dirishani, shamba la Kasungami. Mwishoni akauliza swali la Mama.

Mama Odile alivua miwani. Aliongea kwa upole, kama mtu anayeondoa mwiba. Alisema hakuna anayeilipia. Yeye hajamwona mkurugenzi tangu maduka yavunjwe. Lakini habari za Kinshasa huchelewa, na ule muda wa katikati hauwezi kuachwa mtupu.

"Tele ikibakia nyeusi, batu banawaza serikali ilianguka," akasema. "Banaanza kufunga milango. Njo minatia kile kiko karibu. Na hii ya sabuni iko muzuri. Hata mi minaipenda."

Papa alitikisa kichwa polepole. Kisha akauliza kama anaweza kuiona hapo.

Televisheni ya pale ilikuwa ya rangi kweli. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama hicho. Shuka lilikuwa jeupe hata likanitia baridi. Na Papa alipoingia na toroli lake, kombinezoni yake ilikuwa ya buluu, na begani, mahali ambapo nyumbani tuliona doa tu, palikuwa na kiraka cha kijani. Mama ndiye aliyekishona. Nilikijua kitambaa, kilibaki aliposhona gauni langu. Papa akacheka kwa sauti ndogo. Akaomba irudishwe nyuma. Safari hii alitaja watu: mkono ule ni wa Kasongo, kivuli kile ni cha nani, yule aliyeinama alikuwa ameficha kicheko kwa sababu wenzake walikuwa wakimtania kwamba ataoa kamera. Mama Odile aliirudisha kila alipoomba, bila kuchoka.

Halafu akamwuliza Papa aifanye nini kaseti ile. Anaweza kuendelea kuirusha, hakuna atakayemkataza. Au anaweza kuitoa, lakini ikitoka haitabaki, kwa sababu kaseti mpya haziji tena na matangazo ya vifo yanaongezeka, nayo yanahitaji mahali. Atarekodi juu yake.

Papa akauliza, "Batu benye kukuja kuuliza kama mi, beko wengi?"

Alikuwa wa kwanza, Mama Odile akamwambia. Wengine hungoja tu.

Naliona bado lile jicho la Papa, likitazama kioo kilichosimama, mgongo wake mwenyewe ukiwa hapo na kiraka chake. Nilikuwa nimeelewa jambo moja tu katika maneno yote yale: kwamba Papa akikubali, Papa wa ndani atatolewa. Nilimvuta suruali. Nilimwambia asikubali, watamfukuza kazi, na yeye hajafanya kosa, ametumika kila siku hata Jumapili.

Papa hakumtazama Mama Odile. Alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu.

"Mutoto yangu," akasema, "mi balisha nifukuza, kitambo. Ule wa mule ndani anatumika tu juu hakuna muntu alimuambia kama kazi ilisha kwisha. Sasa leo njo tunamuambia. Umuache akuje nyumbani."

Nilifikiri. Ilikuwa haki. Alikuwa amechoka, yule wa ndani. Alisukuma toroli lilelile kila jioni na halikufika popote. Nikasema sawa.

Mama Odile akabonyeza kitufe, na kaseti ikatoka ikiwa na joto. Alinipa niiguse kabla ya kuiweka kando. Ilikuwa ya moto kama mkate.

Jioni ile, mahali pa gitaa palikuwa na majina ya marehemu na muziki wa kanisani. Dirishani hapakuwa na aliyeuliza kama inapita. Papa alitoka nje akasimama katikati yao, akawaeleza kama alivyoelezwa, kwa utaratibu uleule. Wengine walishukuru. Mzee mmoja alimwambia kwamba yeye, Papa, ndiye amekifunga kiwanda, akaenda zake, na kwa muda mrefu hakumsalimu. Papa Kasongo alimsindikiza kwa macho. Kisha akavaa kofia yake.

"Basi," akasema, "sasa tuko bote mu konje."

Ni baadhi tu waliocheka. Akina mama wa mtaani walichelewa kubandika maji, na watoto tulikula tukisinzia. Nilisubiri Papa wa ndani afike, nikalala kabla hajafika. Asubuhi nilimkuta Papa mmoja kibarazani, anafunga mizigo, nikaona kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa.

Tulifika Kasungami kabla ya mvua, kidogo tu. Papa hakujua jembe. Viganja vyake vilipasuka, Mjomba alimcheka, Mama alimcheka, na yeye mwenyewe alijicheka baadaye. Televisheni tulimwachia Papa Kasongo, kwa kuwa kule umeme haukuwepo, na hatukuitamani kama nilivyoogopa. Kulikuwa na vyura. Kulikuwa na harufu ya udongo uliolowa, ambayo sikujua kwamba inaweza kujaa nyumba kama sabuni.

Jambo moja nataka ulielewe, maana ndilo nililochukua miaka mingi kulielewa. Muda wote aliokuwa anangoja, Papa hakuwahi kutuambia kazi yake ilikuwaje. Alizungumza juu ya kufunguliwa kwa kiwanda, siyo juu ya sabuni. Kule Kasungami, msimu wa mvua ulipokwisha, tulianza kufyatua matofali ya nyumba. Siku moja nilimwuliza, bila nia yoyote, sabuni inakatwa na nini. Akachukua donge kubwa la udongo uliokandwa, akalisawazisha juu ya ubao kwa kiganja. Akatafuta waya mwembamba, akafunga vijiti kwenye ncha zake mbili, akauvuta katikati ya udongo kwa mkono uliotulia kabisa. Udongo ukafunguka bila kupasuka, pande zake laini kama maji yaliyosimama. Akakata tena. Aliniambia mafuta yanavyochemshwa, yanavyojua kukasirika, unavyosikiliza chungu kabla ya kukitazama, unavyoonja kwa ncha ya ulimi kujua kama imeiva. Mama aliacha kubeba maji akaja kusimama karibu nasi. Yeye pia alikuwa hajawahi kuambiwa. Mpaka jua linashuka Papa alikuwa amevipanga vipande vyote juu ya majani, vimelingana, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza zamu yake.

Kwa hiyo, kama nyumbani kwako kuna mtu ambaye kazi yake ilikufa, usimwulize ilikufaje. Mpe kitu cha kushika mikononi, udongo, unga au kipande cha kitambaa, na umwombe akuonyeshe alivyokuwa akiifanya. Kisha kaa chini, unyamaze, utazame mpaka amalize.